Mikwaruzo ya Geertje

Upande wa pili wa santuri aliyoipenda mkewe, kabla kinanda hakijaanza, palisikika mkwaruzo ambao Wubbo hakuujua. Na mikwaruzo ya nyumba ile aliijua yote, maana alikuwa ameilalamikia miaka thelathini.

Majirani zao mjini Eindhoven walishazoea ugomvi huo. Wubbo alistaafu kutoka kiwanda cha CD, alikokuwa akisafisha sauti za rekodi za zamani, na mkewe Geertje hakutaka kusikia kitu kingine ila santuri.

"CD yako imekufa. Santuri inapumua," Geertje alikuwa akisema.

"Vumbi tu hilo, bibie. Vumbi tu!"

"Kunywa kahawa yako, mkaidi wewe."

Geertje alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa tano, jua likiwaka nje, mkwaruzo ule ulipolia sebule ilinuka koti la sufi lililoloa, lile Geertje alilokuwa akilivaa akiendesha baiskeli kwenye mvua. Kopo la biskuti, ambalo Wubbo hulifunga kila mtu akishachukua moja, lilikuwa wazi. Wubbo hakuogopa. Alimimina vikombe viwili vya kahawa.

Jumapili bintiye Fenna alikuja na mtoto wake mdogo, Jikke. Santuri ikakwaruza, na mtoto akacheka akilitazama kochi tupu, akanyoosha mikono, na nywele zake zikaanza kuinuka shungi moja baada ya jingine, zikisukwa polepole na vidole ambavyo hakuna aliyeviona, huku maji yakitona kutoka kwenye kochi hadi sakafuni.

Fenna alimnyakua mwanawe. "Baba," alinong'ona, "kuna nini humu?"

"Mama yako."

"Mama tulimzika, baba. Mtoe huyu. Usipomtoa, Jikke haji tena hapa, naapa."

Wubbo hakujua mganga wala padri. Alijua kazi yake tu. Aliiingiza sauti ya santuri kwenye kompyuta ili aihamishie kwenye CD, akaanza kufuta mkwaruzo mmoja mmoja kama alivyofanya kazini, na kila alipofuta mmoja harufu ya koti ilipungua, na kila harufu ilipopungua alizidi kusikia waziwazi pumzi za mtu nyuma ya shingo yake, pumzi za kulia, mpaka ukabaki mkwaruzo wa mwisho, nao ukasema kwa upole, "Mkaidi wewe."

Alifunga macho, akaufuta.

CD ilitoka safi kabisa. Fenna aliposikiliza kwa simu alishusha pumzi. "Asante, baba. Jumapili tunakuja."

Wubbo aliketi. Kikombe cha pili, cha Geertje, kilikuwa kimepoa, hakijaguswa. Akaiweka santuri yenyewe, akateremsha sindano. Kinanda kikaanza bila mkwaruzo hata mmoja, safi kama CD. Alikuwa ameushinda ugomvi wa miaka thelathini, na alilia kwa sauti.

Kisha akapiga magoti, akapitisha vidole chini ya kabati, akazoa vumbi, akainyunyizia santuri, akateremsha sindano tena. Ikakwaruza. Akaita, "Geertje?" Akasikiliza mpaka mwisho wa upande.

Lilikuwa vumbi tu.