Kabati Lililotekenya

Kila asubuhi mama yake Kengele alikunywa chai amesimama. Alisema akikaa tu, miguu inakumbuka kwamba imechoka. Alikuwa fundi umeme wa taa za kuongozea magari, na mkoba wake wa spana, bisibisi na mita ya kupimia umeme ulikuwa mzito kuliko mikoba ya watoto wake wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa huyo Kengele, msichana wa darasa la sita, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuna habari iliyowahi kulala kifuani mwake. Wa pili alikuwa mdogo wake wa darasa la pili, aliyemfuata dada yake kama mkia.

Walitoka pamoja na kuachana na mama kwenye njia panda ya shule. Hapo kando ya barabara lilisimama kabati la chuma lenye mitambo inayoamuru taa ziwake nyekundu, njano au kijani. Lilikuwa kuukuu. Majuzi mama alilikwangua kutu na kulipaka rangi ya kijivu, ndani na nje, likarudia ujana. Kila alipolipita alilitupia jicho, na Kengele alijua mama anajivunia kazi ya mikono yake.

Asichokijua mama ni kwamba tangu lipakwe rangi, wanafunzi walikuwa wamegundua mchezo. Mvua ikinyesha, walilizunguka kabati na kuligusa kwa kidole. Lilitekenya! Mtekenyo ulipanda mpaka kwenye kiwiko, mgusaji akaruka, wenzake wakaangua kicheko. Walilipa kabati jina la Bibi, na kuligusa wakakuita kumwamkia Bibi. Aliyeng'ang'ania muda mrefu kuliko wote alikuwa mfalme mpaka mapumziko, na Kengele alishatawazwa mara nyingi. Mama alikuwa amewakataza wasisogelee kabati lolote la umeme. Kwa hiyo habari hii, hii peke yake, ililala kifuani mwa Kengele, tena usingizi wa pono.

Jioni moja mama alirudi amelowa na amenuna.

"Taa za njia panda ya shule zimeharibika tena," alisema akivua buti. "Mvua ikinyesha tu, zinabaki kumetameta njano, magari yanaingiliana ovyo. Nikifika kufungua, mvua imekatika, kila kitu kikavu, kosa silioni. Lile kabati linanichezea akili."

"Labda limezeeka," alisema Kengele, macho kwenye sahani.

"Msimamizi naye anasema hivyo hivyo. Nimemwambia kabati ni zima. Si nimelikarabati mwenyewe?"

Mama akaingia chumbani kubadili nguo. Kengele alitafuna polepole. Mama akikasirika hapigi kelele, ananyamaza tu kutwa nzima, na Kengele aliona afadhali kelele.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, "kesho ikinyesha ni zamu yangu kumwamkia Bibi. Umeniahidi. Nitavua viatu, visilowe."

Kijiko kilimsimama Kengele mkononi. Mama alikuwa amewaeleza mara nyingi kwa nini anavaa buti za mpira. Umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na mpira huifunga njia hiyo. Mtoto mwenye miguu mitupu, kwenye dimbwi, hana cha kumkinga. Kengele aliogopa. Aliogopa kuliko anavyomwogopa mama.

"Mama! Njoo, nina neno!"

Alisema yote, Bibi, wafalme na ahadi aliyompa mdogo wake. Mama alisikiliza, taulo mkononi. Hakugomba. Alimpigia simu msimamizi, kisha akavaa buti zake mbichi.

"Twende ukanionyeshe mnagusa wapi," alisema. "Na wewe mdogo, vaa viatu."

Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Msimamizi, mzee mnene mwenye mwavuli uliovunjika ubavu, aliwakuta wanasubiri. Kengele alionyesha mahali kwa mbali. Mama alivaa glavu, akaweka ncha moja ya mita kwenye bati la kabati na nyingine kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Namba zikapanda.

"Lo! Fundi, bati zima lina umeme!" msimamizi alimaka.

Mama alizima swichi kuu, akafungua na kumulika ndani. Juu palikuwa na tundu, na maji yaliyopenya yalidondokea waya wa zamani uliopasuka ganda. Umeme ulitorokea hapo, ukaenda kwenye bati. Lakini kila kabati lina waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuuteremsha ardhini umeme uliotoroka, swichi ijikate kabla mtu hajaumia. Kwa nini haikujikata? Mama aliufuata waya huo kwa kidole. Ulikuwa mzima, na bolti yake imekazwa barabara. Alipoilegeza, akaiona rangi ya kijivu, nzito na nzuri, kati ya waya na bati. Rangi haipitishi umeme. Waya ulikuwa umefungwa, ila haukushika kitu.

"Nani alifunga hapa?" msimamizi aliuliza.

Mama angeweza kuwasingizia vibarua. Aligeuka akamtazama msimamizi.

"Mimi, mkuu. Nilifunga waya juu ya rangi. Halafu nikapima fimbo peke yake, nikaona iko sawa, nikaenda zangu. Bati sikulipima. Na kuna makabati mengine niliyoyapaka hivi hivi. Yazimwe leo, kesho naanza kuyakwangua."

"Itabidi niliandike hili kwa wakubwa."

"Andika."

Mama alisugua rangi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga upya, akabadilisha waya uliopasuka na kuziba tundu. Alipowasha na kupima tena, mita ilisoma sifuri, na taa zikaanza kupokezana kwa adabu.

Nyumbani alimkalisha mdogo kwenye kiti na kumfuta miguu.

"Umekasirika, mama?" Kengele aliuliza.

"Sana. Nimejikasirikia mimi kwanza, halafu wewe. Kesho utasimama mbele ya wenzako kwenye paredi uwaambie ulichoniambia mimi." Akashika mguu wa pili. "Mimi nilikosea bila kujua, mwanangu. Wewe ulijua, ukanyamaza, na mimi nisingejua kamwe. Kosa likisemwa, tunalimaliza kwa spana na brashi, hata kama tutaona aibu. Likifichwa, linakaa pale pale linamngoja mtu."

Alisema hayo bila kuinua kichwa. Mguu mdogo mikononi mwake ulikuwa umekauka zamani, lakini aliendelea kuufuta.