Wimbo wa Pili

"Wimbo mmoja tu zaidi, Rowland. Usiniachie mkono."

"Siwezi, Glenys. Sheria unaijua."

Rowland akainamisha kichwa, akaenda kumchukua mjane wa meza ya jirani. Glenys akabaki katikati ya ukumbi, uso umemshuka. Kazi ya Rowland melini ilikuwa kucheza na wanawake wanaosafiri peke yao: wimbo mmoja kwa kila mmoja, kisha zamu ya mwingine. Kurudia marufuku, na kupendana ndiyo usiseme.

Tangu waiache Southampton, kila alasiri wakati wa chai na keki, Glenys alikuwa akiusubiri huo wimbo mmoja. Leo ilikuwa alasiri ya mwisho. Kesho asubuhi, New York.

"Pole, shoga yangu," Hilary, jirani yake wa mezani, akamchokoza. "Ni zamu tu hizo. Hata mimi aliniambia nacheza kama msichana wa miaka ishirini!"

Simu ikalia. Ujumbe wa binti yake, Bethan, aliyekuwa akimngoja New York na aliyekwisha kusimuliwa habari za Rowland:

"Mama, huyo analipwa kukuchekea. Tafadhali usijiaibishe. Una miaka sitini na saba!"

Moyo ulimuuma Glenys, tusidanganyane. Kumbe na yeye alikuwa zamu tu? Akabeba mkoba wake, akaelekea mlangoni. Bendi ikaanza wimbo mwingine.

"Glenys, simama!"

Akageuka. Rowland alikuwa anakuja mbio, akiwapita wanawake waliomnyooshea mikono. Mkuu wa burudani akamkinga njia.

"Huyo umeshacheza naye! Ukimrudia, kazi huna."

Rowland akachomoa beji kifuani, akamwekea kiganjani.

"Shika. Sanduku nimeshafunga tangu asubuhi. Nilikuwa natafuta ujasiri tu."

Waliokuwa wakicheza wakasimama kutazama.

"Na Hilary je?" Glenys akauliza. "Naye ulimmwagia sifa."

"Zile zilikuwa za kazi. Haya ni yangu mwenyewe: nakupenda. Goti bovu, pensheni ndogo, lakini nyimbo zote zilizobaki ni zako. Nikuoe, Glenys?"

"Nioe! Ila cheza kwanza, bwana, wimbo unaisha!"

Makofi yakalipuka. Hilary alilia mpaka wanja ukamchuruzika. Wakacheza wa pili, wa tatu, wa nne, na hakuna aliyethubutu kuwatenganisha.

Walipokaa kupumzika, Glenys akachukua simu:

"Bethan mwanangu, kesho njoo na gari kubwa. Tunashuka wawili."