Duara Jeusi Mdomoni mwa Bunduki

Rafiki yangu ni seremala wa filamu, na namjua, si mzushi. Bunduki zote za filamu moja ya kutisha alizichonga yeye, mbao tupu. Mitutu hakuitoboa, aliichorea tu duara jeusi mdomoni ili kamera idhani ni tundu.

Mchana mmoja mwongozaji akamwita. "Fundi, kwenye picha tulizorekodi jana kuna bunduki imelia. Nenda stoo ututambulie ni ipi."

"Bosi, tangu lini mbao zikalia?" Akacheka, akaenda.

Stoo haina dirisha. Alipoingia tu, umeme ukakatika na mlango ukajibamiza nyuma yake. Akapapasa rafu, akigusa bunduki moja moja mdomoni: rangi kavu, mbao, rangi kavu, mbao. Akasikia pumzi nyembamba, kama mtu anapuliza chai ya moto.

"Jamani, nifungulieni!"

Nje wenzake wakaangua kicheko, wakidhani anawaigizia.

Akagusa ya mwisho. Kidole hakikukuta mbao. Kikazama hadi kwenye kifundo cha kidole, na ndani kulikuwa na joto na unyevu. Alipojaribu kukichomoa, kitu huko ndani kikakibana, taratibu, kama mtoto anyonyavyo.