Chumba cha Bi Mwamvua

Pazia lilikuwa moja, mikono iliyolishika ilikuwa minne.

Jumamosi asubuhi, soko la Darajani limefurika. Wauza mitumba wamekwishafungua marobota, nguo zimemwagwa chini juu ya maturubali, na watu wameziinamia kama wanaotafuta pete iliyoanguka. Fathiya alilivuta pazia upande wake. Likavutwa upande wa pili. Alipoinua uso akamwona kijana mrefu, fulana yake ya kijivu imejaa nyuzi na chembe za sponji, penseli imechomekwa sikioni.

"Kaka, hilo nimelishika mimi."

"Umelishika ncha, dada. Mie nimelishika tumbo."

Muuzaji akacheka. "Lichaneni nusu kwa nusu, mradi mnilipe!"

"Na wewe mwanamme, pazia la nini?" Fathiya aliuliza, bila kuachia.

"Kwangu mie hili si pazia. Mie fundi makochi. Mahameli mazito kama haya nikilivika kochi, mtu atadhani limeshuka na ndege kutoka Dubai. Na wewe?"

"Naliweka dirishani."

"Dirisha gani refu hivi? La msikiti?"

"La chumba cha mamaangu. Kiponda."

Kijana akamtazama vizuri. Buibui jeusi lenye tarizi ya zambarau mikononi, ushungi wa rangi ya chai ya maziwa, macho makubwa yasiyotaka kushindwa. Kisha akaviona vidole vyake, vimepauka mpaka kwenye kucha.

"Na hiyo chokaa kwenye kucha, ndiyo hina mpya?"

"Ndiyo fasheni ya Kiponda mwaka huu. Hujapata habari?"

Akaliachia pazia. "Chukua. Lakini nina sharti. Nije nilione likitundikwa."

"Huna haya wewe!" Fathiya alisema, na alikuwa anacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu alipoachika, na hilo lilikuwa la miaka miwili nyuma.

Kijana jina lake Mbarouk. Alikuwa na kibanda cha makochi Mpendae, na ajabu ni kwamba Fathiya naye alikuwa akilala Mpendae, mitaa mitatu tu kutoka hapo, katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na mama yake, Bi Mwamvua, na kaka yake Wakil, baharia wa boti ya abiria. Nyumba yao hasa ilikuwa Kiponda, Mji Mkongwe, ya ghorofa mbili, aliyoiacha babu yake Bi Mwamvua, mzaa mama. Boriti zilipooza na dari ya juu ikaanza kudondoka vipande, wakahama. Walisema wanahama kwa muda. Muda ukawa miaka.

Sasa walikuwa wakiirudisha nyumba kidogo kidogo, kwa mikono yao. Siku ambazo Wakil hakuwa baharini, na Fathiya ametoka skuli ya chekechea anakosomesha, walifunga vitambaa vichwani wakaingia kazini. Madirisha waliyapata Bububu, kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Rangi walichanganya mabaki ya makopo waliyopewa na majirani, ikatoka rangi isiyokuwa na jina, karibu na ya ganda la yai, wakaipenda hivyo hivyo. Bi Mwamvua alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, miguu imemvimba, akitoa amri.

"Wakil, huo ukuta unapaka rangi au unaupapasa?"

"Mama, nimechoka."

"Baba yako alikuwa akichoka Ijumaa tu."

Kilichobaki kilikuwa chumba chake mwenyewe, cha juu, chenye dirisha refu linalotazama uchochoro. Hicho ndicho alichokitaka. Kila mwezi wa Shaabani ulipokaribia, alisema neno lile lile: Ramadhani hii nataka kufuturu chumbani kwangu.

Mbarouk alikuja kulitazama pazia, na hakuacha tena kuja. Alileta sponji, alileta msumari, alileta maneno mengi. Alimtengenezea Bi Mwamvua kiti cha mto mzito, akamshonea na pahala pa kuegemeza miguu. Jioni simu zilikuwa hazikauki.

"Umekula?"

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Mbarouk, unaniuliza kama daktari."

"Daktari gani atakupenda hivi, roho yangu? Haya sema, umekula nini?"

"Mkate wa kumimina."

"Bila ya mie? Na ukapita kooni?"

Usiku mmoja Mbarouk akamwambia kwenye simu kuwa anataka kuleta posa. Kisha akasikia anavuta kamasi. Siku ya pili habari ikafika kwa Bi Mwamvua, naye akasema sawa, kijana nampenda, lakini posa ya mwanangu siipokei kwenye nyumba ya kupanga. Nitaipokea chumbani kwangu, Kiponda. Ndivyo alivyoposwa yeye, na ndivyo alivyoposwa mama yake.

Kwa hiyo yote yakawa yanangoja chumba kile, na chumba kilikuwa kinangoja chokaa.

Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe na udongo na chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji unazifunga pumzi: maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea, na ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'ara. Hili halihitaji kusomewa, kila mtoto wa mjini analijua. Lakini chokaa haina haraka. Ilowekwe, ilale, ipigwe tabaka, ikauke, ipigwe nyengine. Fathiya aliisimamia kama mchungaji. "Hata mkinililia," aliwaambia, "saruji haiingii humu."

Mwishoni mwa Shaabani shangazi yake wa Makunduchi akaugua, Fathiya akaenda kumuuguza. Wakil yuko baharini. Fathiya aliporudi, Ramadhani ikiwa inaandama kesho, alipanda ngazi za Kiponda akasikia sauti ya mama yake huko juu.

"Ingia, ingia! Usivue viatu, bado pana vumbi."

Chumba kimekwisha. Kuta nyeupe, nyororo, zimenyooka kama karatasi. Pazia la mahameli limetundikwa. Udi unafuka. Bi Mwamvua amekaa juu ya kitanda chake cha samadari, amevaa dera jipya la waridi na kikuba cha asumini kifuani, na uso wake ulikuwa uso wa bibi harusi.

Fathiya akauweka mkono ukutani. Ukuta ulikuwa baridi na mgumu.

Alimkuta Mbarouk kwenye ngazi. "Saruji?"

Mbarouk akatazama chini. "Nlitaka aingie kabla ya mwezi."

"Nilisema nini mie?"

"Ulisema. Nisamehe."

Angemwambia mengi, lakini huko juu mama yake alikuwa akiimba. Fathiya hakukumbuka mara ya mwisho aliyomsikia akiimba. Akayameza.

Na Ramadhani ile ilikuwa nzuri. Walifuturu juu, mkeka umetandikwa chini ya dirisha, na adhana zikipokezana kutoka misikiti ya jirani, huyu anamaliza yule anaanza. Bi Mwamvua aliwajua waadhini kwa sauti. "Huyu leo ana mafua," alisema, na watu wakacheka tende mdomoni. Majirani wa zamani walipanda kumwamkia. Alimtania Mbarouk, alimtania Wakil kwa kuwa mkubwa bila mke, aliwasimulia mambo ya ujana wake ambayo watoto wake hawakuwahi kuyasikia. Sikukuu aliipokea akiwa dirishani, akiwatupia watoto wa uchochoroni peremende.

Wazee wa Mbarouk wakapangiwa kuja baada ya kufunga sita za Shawali.

Masika ikatangulia. Mvua ilinyesha kutwa na kucha, siku baada ya siku. Ukuta wa chumba ukaanza kufanya tumbo, taratibu, nyuma ya lipu nyeupe. Asubuhi moja Bi Mwamvua alikuwa ameteremshwa chini anakunywa uji, akasikia juu kitu kama gunia linaburutwa. Kisha nyumba nzima ikatikisika. Ukuta wa upande wa uchochoro ulishuka wote, ukalichukua dirisha, ukaziachia boriti, na nusu ya dari ikalala juu ya kitanda cha samadari.

Hakuumia mtu. Jioni ile walirudi Mpendae, Bi Mwamvua amefunikwa shuka kwenye gari ya kukodi, hasemi.

Zamu hii Fathiya ndiye aliyempigia Mbarouk simu.

"Ulijua."

"Nlijua."

"Ulijua saruji haikai pale, ukaipiga. Kwa nini?"

Fathiya hakumngoja ajibu.

"Basi nikwambie mimi kwa nini. Mama kasema posa ataipokea chumbani, nawe ukaona chokaa inakuchelewesha. Umeharakia harusi, Mbarouk! Angekuwa kitandani saa ile, leo ningekuwa namzika."

"Fathiya, roho yangu..."

"Usiniite hivyo. Sema kwa nini, basi! Sema jengine, nikusikie."

Alimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayetaka kusema. Hakusema. Fathiya akakata simu, na zilizofuata hakuzipokea. Wazee wakapelekewa salamu kuwa wasije.

Wiki zikapita. Fathiya alikwenda skuli, akawaimbisha watoto herufi, akarudi. Njia ya kibanda cha makochi aliikwepa, akazunguka kwa mbali na jua lote kichwani. Bi Mwamvua akawa haondoki kitandani. Miguu ikajaa maji, pumzi ikawa fupi, hawezi kulala ila ameegemezwa mito.

Alasiri moja, mvua inapiga juu ya bati hata maneno hayasikiki vizuri, akaita.

"Fathiya."

"Naam, mama."

"Mbona Mbarouk haji?"

"Ana kazi nyingi."

"Mpigie."

"Hapatikani."

"Tangu mdogo hujui kusema uongo, unatazama mlango. Kaa hapa. Kaa, nnakwambia. Yule kijana hana kosa. Saruji nimeitaka mimi."

Fathiya akakaa.

"Siku ile umeniacha kwa daktari ukaenda kufuata dawa dirishani, ndiyo siku aliyoniambia. Moyo umechoka, Bi Mwamvua, tuombe Mungu. Nikapiga hesabu ya chokaa yako, nikaona hainikuti. Nikamwita Mbarouk. Nikamwambia piga saruji, niingie. Akakataa! Akasema, Fathiya hatonisamehe. Nikamlilia, mtu mzima mie, mpaka akaona haya yeye. Nikamlisha yamini asikwambie."

"Kwa nini mama? Kwa nini usiniambie?"

"Ungelia Ramadhani nzima. Na mie nlitaka Ramadhani ya kucheka." Akapumzika kidogo, kifua kinapanda na kushuka. "Nimelala kwangu mwezi mzima na Sikukuu juu yake. Ukuta ule umenitosha, mwanangu. Nyie ndio ulikuwa hauwatoshi."

Fathiya akaweka kichwa kwenye paja la mama yake, akalia mpaka shuka ikarowa. Bi Mwamvua akamshika ushungi, hakumkataza. Baadaye Fathiya akatoka ukumbini na simu.

"Mbarouk."

"Naam."

Kwa nyuma cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza.

"Mama kaniambia yote."

"Yeye hajambo lakini?"

"Hajambo. Hapana... Mbarouk, hajambo wapi. Njoo."

"Nshatoka."

Alifika amerowa chepechepe, kandambili mguu mmoja imekatika njiani. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, mama." Siku zote alikuwa akimwita Bi Mwamvua.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuponza."

"Hujaniponza."

"Nimekuponza, na umenivumilia. Waambie wazee wako waje Ijumaa, hapa hapa. Kiburi nshakiacha."

"Hapana mama. Upate nafuu kwanza, tuje Kiponda."

Bi Mwamvua akacheka kicheko kidogo kisichokuwa na sauti. "Nafuu! Unamwona anavyonidanganya, Fathiya? Huyu atakufaa." Kisha akawageukia wote wawili. "Jambo moja. Nikifa, nitolewe kwangu. Msinitoe nyumba ya watu."

Alifariki Alkhamisi, baina ya alasiri na magharibi, mkono wake mmoja kwa Wakil na mmoja kwa Fathiya.

Alfajiri ya Ijumaa, Wakil na Mbarouk walikuwa Kiponda na makoleo. Walitoa vifusi ukumbini, wakafagia, wakamwaga maji. Kwenye ngazi ya kupandia juu wakafunga kamba, mtu asipite. Bi Mwamvua akaletwa, akaoshwa na kuvikwa sanda katika nyumba aliyozaliwa. Wanawake wakajaa vyumba vya chini, wanaume wakajaa uchochoro. Wazee wa Mbarouk nao walikuja siku ile ile waliyoitwa, na kanzu zao nyeupe za posa, wakakaa barazani na wafiwa.

Wakati wa kutoka ulipofika, Fathiya alisimama nyuma ya mlango mkubwa. Macho yamemvimba, kanga imemshuka mabegani, hana habari nayo. Jeneza likainuliwa. Watu wakaanza kusogea, huyu anashika, yule anapokea, kila mtu anataka thawabu ya kumbeba. Wakil alikuwa mbele, upande wa kulia. Upande wa kushoto ami yao alishika kidogo, pumzi ikamshinda. Vijana watatu wakanyoosha mikono kupokea. Wakil akageuza shingo, akamtafuta mtu mmoja katika umati ule.

"Mbarouk! Njoo ushike hapa."

Pale mbele si pahala pa kila mtu. Watu wakampisha. Mbarouk akaja, uso umeloa machozi hajifuti, akaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza, sawa na la Wakil. Wakatoka. La ilaha illa Llah ikajaa uchochoro mzima, ukuta kwa ukuta.

Bi Riyama, jirani, mtu mzima asiyeona vizuri, akamshika Fathiya mkono. "Mwanangu, nani yule aliyeshika mbele na kaka yako? Wakil ana ndugu?"

Fathiya akalitazama jeneza la mama yake mpaka lilipofika kwenye kona. Akatazama yale mabega mawili.

"Mkwewe," alisema. "Yule mkwewe mama, Bi Riyama."