Damu Haibani Tumbo

Kila mteja aliyeingia kwa Mama Futi alibana tumbo. Wanene walibana, na wembamba nao walibana. Futi ya kupimia ikishawazunguka kiunoni tu, wanavuta pumzi ndani na kusimama wima kama askari wa gwaride.

"Achia tumbo," Mama Futi aliwaambia. "Nipime mwili ulionao, si mwili unaoutamani."

"Nimeachia, mama."

"Hujaachia. Zipu itakuja kukuachia mbele za watu, halafu useme fundi hajui kazi."

Hapo ndipo sauti ilipokuwa ikitoka pembeni, kwenye meza ya kupigia pasi: "Achia, dada. Tumbo likirudi litadai nafasi yake!" Chumba kizima kilicheka. Mteja naye alicheka, na akicheka tumbo linaachia lenyewe. Mama Futi anapima harakaharaka.

Sauti hiyo ilikuwa ya mumewe. Mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi. Mke alishona, mume alinyoosha, na kazi yao ilikwenda hivyo tangu cherehani ile ilipokuwa mpya. Sasa meza ya pasi ilikuwa haina mtu. Mzee Pasi alikuwa ameshazikwa. Mama Futi akimwambia mteja aachie tumbo, bado alinyamaza kidogo, akingoja utani wa mumewe. Kisha alikumbuka, na moyo ulimuuma upya.

Mzee Pasi aliugua kisukari. Alikijua, na dawa alipewa. Lakini kliniki aliiogopa kama mwanafunzi anavyoogopa mtihani. Siku mbili kabla ya kwenda, soda aliiacha, mkate aliuacha, na usiku alilala na maji tu tumboni. Asubuhi akitobolewa kidole, sukari ilionekana nzuri. Alirudi nyumbani akiimba.

"Nimefaulu!" alisema tangu mlangoni. "Mke wangu, weka chai. Na leo usiwe mchoyo wa sukari."

Mama Futi aliweka chai. Nani angemnyima mumewe chai siku ya furaha?

Kliniki walimwomba atoe damu ya mkononi kwa kipimo kikubwa zaidi. Mzee Pasi alikataa. "Kidole kimetosha," alisema. "Damu yangu si maji ya bomba."

Halafu suruali zake zilianza kumpwaya. Mama Futi alimpunguzia kiuno, akampunguzia tena. "Umepungua, baba. Umerudi kijana," alimwambia huku pini ziko mdomoni. Mzee Pasi alijitazama kwenye kioo cha wateja na kutabasamu. Hawakujua kwamba mwili ulikuwa unajila wenyewe kwa sababu sukari imezidi kwenye damu.

Siku moja Mama Futi alisikia harufu ya kuungua.

"Baba, unaunguza nguo ya watu!"

Mzee Pasi aliinua pasi yake ya mkaa. Nguo ilikuwa salama. Aliinua mikono, akatazama huku na huku. Mama Futi ndiye aliyeona. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kwenye mguu wa mumewe, nalo lilikuwa linaungua juu ya nyama. Mzee Pasi hakuwa amesikia chochote. Kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya fahamu ya miguu yake.

Kidonda kile hakikupona. Mguu ulikatwa. Figo nazo zilikuwa zimechoka zamani bila mtu kujua. Mzee Pasi aliondoka akiwa na akili zake timamu, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi, kwa sababu mzee alijua anakufa.

Binti yao wa mwisho, Kitinda, ndiye aliyebaki nyumbani, akishona kwenye cherehani ya pili. Jioni moja baada ya msiba aliacha kukanyaga cherehani.

"Mama, nenda ukapime sukari."

"Mimi? Mimi sina kitu. Sioni kiu, sina kidonda."

"Baba naye alisema hana kitu."

"Baba yako alikuwa baba yako."

"Mlikula sufuria moja, mama. Chai ile ile, soda ile ile. Na wewe unakaa kwenye hicho kiti kutwa." Sauti ya Kitinda ilikatika. "Nimebaki na wewe tu. Ukiondoka na wewe, hii nyumba nitaiingiaje?"

Mama Futi alitazama kitambaa kilichokuwa mapajani mwake. "Haya," alisema. "Wiki ijayo nitakwenda."

Wiki hiyo Mama Futi hakuweka sukari kwenye chai. Hakula mkate. Alikula mlo mmoja tu kwa siku, na usiku tumbo lilinguruma mpaka Kitinda akalisikia kutoka kitanda cha pili. Mchana alikosea pindo mara kwa mara kwa njaa. Lakini hakuacha. Aliogopa. Aliogopa kuambiwa kwamba njia ya mumewe ndiyo njia yake.

Kwenye kituo cha afya alipokewa na mtu anayemjua. Alikuwa msichana wa maabara, jirani yao wa nyuma ya nyumba. Makoti yake meupe yote yalishonwa na Mama Futi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Toboa upesi, nisije nikakimbia."

Msichana wa maabara alicheka. Alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo. Walisubiri. Kisha alisema, "Sukari ya asubuhi hii ni ya kawaida, mama."

"Nimefaulu!" Mama Futi alisema.

Neno lilipomtoka, alilisikia. Lilikuwa neno la mumewe, kwa sauti ile ile. Aliziba mdomo kwa mkono.

Msichana wa maabara alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Mama, wiki hii umekula nini?"

"Nimekula vizuri."

"Mama."

"Nimejizuia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mama Futi hakuwa mwongo. Alimweleza yote, chai isiyo na sukari, mlo mmoja, njaa ya usiku. Akamweleza na za mumewe, siku mbili za maji, wimbo mlangoni, na ile chai ya sukari.

Msichana wa maabara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema polepole, "Unakumbuka nilipokuja kupimwa lile koti la kwanza? Nilibana tumbo. Ukanipiga kofi kiunoni, ukaniambia unapima mwili nilionao."

"Nakumbuka."

"Leo umenibania tumbo, mama."

Mama Futi alicheka kidogo, na machozi yalimtoka hapo hapo.

"Kipimo cha kidole kinaonyesha sukari ya saa hii," msichana aliendelea. "Kina kazi yake. Lakini kuna kipimo kingine. Sukari ikizidi mwilini, inanata kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zinaishi karibu miezi mitatu. Tukizipima, tunajua sukari yako ilikuwaje kwa miezi yote hiyo, si ya leo tu. Hata ukija umekula, kipimo hicho kinafanyika."

"Na mtu akijinyima wiki moja?"

"Wiki moja haifichi miezi mitatu. Damu haibani tumbo, mama."

Mama Futi alikunja mkono wa gauni mwenyewe, akanyoosha mkono. "Chukua," alisema.

Msichana alichukua damu ya mshipani. Alieleza kwamba watapima pia mafuta ya kwenye damu, kwa sababu mafuta yakizidi huziba mishipa ya moyo. Watapima na figo. Mwenzake alimpima shinikizo la damu, na akamzungushia futi kiunoni. Mama Futi hakubana.

Majibu yalipotoka, Kitinda alikwenda naye. Daktari aliyasoma, na msichana wa maabara alikaa nao baadaye kuwafafanulia.

"Kipimo cha miezi mitatu kimesema sita nukta tatu. Mtu asiye na tatizo huwa chini ya tano nukta saba. Ikifika sita nukta tano, mara nyingi ni kisukari. Wewe uko katikati. Hujaugua kisukari, lakini uko njiani kukifuata. Mafuta nayo yamepanda kidogo. Figo zako ni nzima."

"Njiani," Mama Futi alirudia.

"Njiani, na unaweza kugeuka. Wengi hukaa hapo miaka bila dalili yoyote. Hawajui, kwa sababu hawajapima."

Kitinda alimshika mama yake mkono. Mama Futi alianza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika.

"Sijililii mwenyewe," alisema mwishowe. "Yeye alitobolewa kidole tu. Yeye aliyekuwa akiwacheka wateja wangu, naye alibana tumbo mbele ya daktari. Angetoa damu hii, angekuwa pale kwenye meza yake leo?"

"Labda angewahiwa, mama," msichana wa maabara alisema. " Dawa zingebadilishwa, miguu ingeangaliwa mapema. Lakini sitakuambia ninajua siku yake. Siijui."

"Alisema amefaulu."

"Kipimo si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ni kama futi yako. Kinasema mwili ulipo, ili nguo ikatwe sawasawa. Mtu akitudanganya, tunamkatia dawa isiyomtosha."

Aliwaeleza la kufanya. Soda iachwe, na sukari ya chai ipunguzwe mpaka iishe. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, robo iwe maharage, samaki, yai au nyama. Mafuta ya kupikia yapungue. Asikae kutwa nzima, na baada ya kula atembee. "Na usijishindishe njaa," alimwonya. "Njaa ya wiki moja si dawa, ni maigizo. Chakula kidogo cha sawasawa kila siku ndicho kinachosaidia. Urudi baada ya miezi mitatu."

Chai isiyo na sukari ilikuwa adhabu. "Hii si chai," Mama Futi alinung'unika. "Haya ni maji ya kusuuzia vikombe." Kitinda aliinywa vile vile, akikunja uso, kwa kuwa waliahidiana. Ilichukua muda ndipo ndimi zao zikazoea. Nguo zilizokwisha, Mama Futi aliacha kuwangoja wenyewe wazifuate. Alizibeba begani na kuzipeleka kwa miguu. Wengine walidhani amekosa wateja. Aliwaacha wadhani.

Meza ya pasi ndiyo ilikuwa ngumu. Hakuna aliyeigusa tangu msiba. Nguo walizipeleka kwa mtu mwingine kunyooshwa. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Mama Futi alivaa viatu vya kufunika miguu. Aliwasha mkaa na kusimama mahali pa mumewe. Kibao cha meza kilikuwa kimebonyea pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Aliweka kiwiko chake hapo, akalia kidogo, kisha akanyoosha nguo. Tangu siku hiyo alinyoosha kila baada ya mlo, amesimama wima. Usiku alikagua nyayo zake, akatembeza vidole vya mkono kila mahali, kuhakikisha anasikia.

Miezi mitatu ilipotimia, Kitinda aliingiwa na wasiwasi.

"Mama, kesho ni kipimo. Leo tupunguze chakula."

"Hatupunguzi kitu. Nitakula kama jana na juzi. Naenda kupimwa mimi, si jirani."

Kipimo kilisema tano nukta tisa. Mafuta yalikuwa yameshuka pia.

"Bado uko katikati," msichana wa maabara alisema, "lakini umegeuka. Endelea hivyo hivyo."

Mama Futi alishukuru. Hakuimba njiani. Alitembea taratibu na binti yake, na Kitinda alimshika mkono mpaka nyumbani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. Kitinda naye alikuwa ametoa damu siku hiyo. Yake ilikuwa salama, na alitaka ibaki hivyo.

Jioni alikuja mteja kupimwa gauni la sherehe. Kitinda ndiye aliyepima, kwa kuwa mama yake alikuwa kwenye pasi. Futi ilipomzunguka kiunoni, mteja alivuta pumzi ndani.

"Achia tumbo, dada," Kitinda alisema.

"Nimeachia."

"Hujaachia."

Chumba kilinyamaza kidogo. Ulikuwa ule ukimya wa siku zote, mahali ambapo palikuwa na sauti. Kitinda alitazama chini. Kisha sauti ilitoka kwenye meza ya pasi, ikitetemeka.

"Achia, dada," Mama Futi alisema. "Tumbo likirudi litadai nafasi yake."

Mteja alicheka, na tumbo likaachia lenyewe. Kitinda alipima harakaharaka, macho yamejaa machozi. Mama Futi aliinua pasi, akatazama miguu yake, kisha akaendelea na kola.