Nani Kaijaza Diski?

Kila Jumatano baada ya mapumziko, darasa la sita huingia chumba cha kompyuta, wanafunzi wawili kwa mashine moja. Pilipili, msichana aliyepewa jina hilo kwa hasira zake za karibu, alikaa na mwenzake Mpole. Walibakiza kuhifadhi filamu yao fupi kuhusu kunawa mikono, na mwisho wa kuikabidhi kwenye mashindano ya filamu ulikuwa saa sita.

Kompyuta ikagoma. Diski imejaa.

Pilipili alipandwa na mori. "Ni wewe!" alimfokea Mpole. "Kila siku nyimbo, nyimbo! Umejaza takataka zako humu!"

"Sijaweka hata wimbo mmoja," alisema Mpole.

"Muongo mkubwa! Mwalimu, mtoe huyu kwenye kundi langu!"

Mpole akaanza kukusanya madaftari yake. Pilipili hakumzuia.

"Kaa, mwanangu," mwalimu wa kompyuta alimwambia Mpole. "Hapa hatupigi ramli. Tunaiuliza mashine."

Akafungua kwenye skrini dirisha jeusi lisilo na picha, maandishi matupu. Akachapa herufi mbili, df, na jibu likatokea: diski imejaa asilimia mia. Kisha akachapa du, amri inayoonyesha kila folda imechukua nafasi kiasi gani. "Soma mwenyewe," alimwambia Pilipili.

Folda ya Mpole haikufika hata asilimia moja. Folda ya Pilipili ilikuwa imemeza karibu diski nzima. Ndani yake kulikuwa na nakala thelathini na nane za filamu ileile: "mpya", "mpya kabisa", "mpya ya mwisho", "mpya ya mwisho kweli". Kila alipobadilisha neno moja alihifadhi filamu nzima upya, na ya zamani hakuifuta.

Hasira ya Pilipili ilibaki ileile, ila sasa alijikasirikia mwenyewe. Alitamani kuing'oa mashine mezani.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Umeniita muongo mbele ya darasa zima," Mpole alisema kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake.

Pilipili akasimama, uso ukimwaka. "Jamani! Mpole hakusema uongo. Diski nimeijaza mimi."

Mpole akavuta kiti chake karibu. "Haya, futa hizo takataka zako, muda unakwisha."

Filamu ilihifadhiwa na kukabidhiwa saa sita kasoro dakika nne.

"Amri yenyewe ni herufi mbili," mwalimu alisema. "Kuichapa ni rahisi kuliko kumtukana mwenzako. Siku nyingine, kabla hujamlaumu mtu, kagua. Na uanze na folda yako."