Waya Uliokunjwa Vizuri

Jumamosi asubuhi Vicky alipanda ghorofani na ndoo yake ya kudekia, katika jengo lake la Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, akasukuma mlango wa chumba cha mazoezi ya bendi. Mlango ukagoma. Akausukuma kwa bega hadi kichwa kikapita, ndipo alipoona kilichouzuia: Rogath, mpiga gita la solo, amelala kifudifudi, hana uhai.

Inspekta Candida alifika saa tatu kasoro. Alivua viatu mlangoni, maana kwa Vicky hata polisi haingii na viatu. Upande wa pili wa chumba, juu ya meza, ampu ya gita ya marehemu, lile sanduku la kukuza sauti, ilikuwa imefunguliwa mgongo. Ilikuwa ya zamani, ya yale mataa ya kioo yanayowaka mekundu, na Rogath aliitunza mwenyewe kama mtu anavyotunza kuku wa mayai. Chini ya meza kulikuwa na kipande cha mpira, na juu ya mpira kandambili zake. Plagi ilikuwa imechomolewa ukutani, waya wake umekunjwa duara na kufungwa vizuri. Marehemu alikuwa na alama mbili za kuungua: vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kifundo cha mkono wa kulia. Kiganja cha kulia kilikuwa cheusi kwa grisi.

"Umeme umemrusha," alisema askari aliyekuwa akipiga picha.

Candida akakubali. Hapo ndipo alipoanza kukosea.

Mzee Khalfani, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alikuja na kanzu, macho yamevimba. Candida akamwamkia na kumnyooshea mkono. Mzee akauweka wake kifuani na kuinama kidogo, kama wafanyavyo watu wa dini wasiopenda kushika mikono ya wanawake. Candida akaurudisha wake kwa heshima.

"Ulimwona lini mara ya mwisho, mzee?"

"Jumapili mazoezini, mwanangu. Jana nilikuwa nyumbani Upanga, sikutoka."

"Kuna jambo lolote alilokwambia?"

"Juzi alinipigia simu akilalamika. Yule fundi Goodluck kamharibia ampu, inapiga shoti. Nikamwambia aiache."

Kabla ya adhuhuri Candida alikuwa kwa Goodluck, fundi wa redio wa Mtaa wa Aggrey, kibanda ambacho waya zake zimesokotana kama tambi.

"Ulibadilisha nini kwenye ile ampu?"

"Kapasita moja tu, afande. Alhamisi. Mzee Rogath mwenyewe alisimama akinitazama nikilehemu."

"Uliifunga sawasawa?"

"Nilijua nimeifunga sawasawa. Sasa mtu amekufa. Sijui tena."

Candida aliichukua ile "sijui" kuwa ni kukiri, akamtia ndani. Jumatatu angepandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia.

Jumapili kanisani hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alikuwa akiuona ule waya. Maiti haichomoi plagi, wala haikunji waya. Na Goodluck, kwa kibanda kile, hajawahi kukunja waya tangu azaliwe. Candida aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa amemfunga mtu kwa sababu mtu huyo alikuwa na dhamiri. Akatoka kanisani kabla ya sadaka, akaenda moja kwa moja mahabusu.

"Goodluck, Mzee Rogath alikuwa anafanyaje kazi?"

"Kupima lazima ampu iwe inawaka, afande. Kwa hiyo anavaa kandambili, anasimama juu ya mpira. Mkono wa kushoto ndani, maana ni mashoto. Wa kulia anauficha mfukoni. Umeme ukikushika mkono mmoja unaungua vidole tu. Ukiingilia huku ukatokea kule, umepita moyoni."

"Kifundo chake cha kulia kimeungua. Kiligusaje chuma, basi?"

"Hakuna fundi anayegusa chuma kwa kifundo, afande."

Kweli. Kifundo mtu hakigusishi chuma. Humpa mtu mwenzake aliyekuja kumsalimia akamkuta mikono michafu.

Alimkuta Vicky ngazini. Alipoulizwa habari za Ijumaa jioni, Vicky alianza kulia kabla ya kujibu.

"Nilikuwa nimetoka kudeki juu, nimeshuka nachambua mchele. Nikasikia kishindo. Nikasema wameangusha spika. Sikupanda, afande. Ngazi zile tu, sikupanda."

"Nani angekuja kumpa mkono?"

"Yeyote, ila Khalfani. Tangu Idi hawasemeshani hata kwa simu. Khalfani alimwambia mbele yetu sote atamuua, yeye na hilo sanduku lake linalomeza sauti za waimbaji."

"Khalfani huwa anawapa mkono wanawake?"

Vicky alicheka huku machozi yanamtoka. "Yule? Bibi harusi mwenyewe anamshika mikono miwili."

Alasiri Candida aliketi sebuleni kwa Khalfani, Upanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nipe mkono."

Mkono ukaenda kifuani. Candida hakuurudisha wake. Aliuacha pale hewani, mpaka mzee akachoka kuutazama, akafungua kiganja. Katikati palikuwa na kidonda cha kuungua.

"Mtu usiyesemeshana naye hakupigii simu kukulalamikia fundi wake," alisema Candida.

"Nilikwenda kumtaka radhi," alisema Khalfani. "Nilivua viatu mlangoni, sakafu bado ina maji ya Vicky. Nikamwambia, Rogath, yaishe. Akacheka. Akasema ana grisi, akanipa kifundo. Mimi kifundo hakikunitosha. Nikamvuta nimkumbatie."

"Vidole vyake vikateleza ndani, umeme ukapita kwake ukaja kwako."

"Tulianguka wote. Nilipoinuka, yeye alikuwa ametulia. Nikachomoa plagi."

"Ukaukunja waya."

"Niliukunja?" Mzee alionekana kushangaa kweli. "Kila baada ya dansi nakunja waya. Sikumbuki."

"Mbona hukuita mtu?"

"Nani angeniamini? Nilishasema nitamuua, na watu wanasikia. Nikaurudisha mlango, nikaondoka."

"Na Goodluck?"

"Nilitaka ionekane ajali tu. Ulipouliza, jina lake ndilo lililonijia; bendi nzima inajua ndiye fundi wake." Akafunika uso. "Sijalala tangu mmchukue."

Candida akapiga simu kituoni, akaagiza Goodluck atolewe na aombwe radhi. Kisha akabadili kauli, akasema amsubiri, ataomba mwenyewe. Lilibaki swali moja, na hakutamani kuliuliza.

"Ulipotoka, Rogath alikuwa ameshakufa?"

"Alishakufa."

"Kandambili zake zilibaki chini ya meza. Yeye tumemkuta ameuzuia mlango uleule uliotokea. Umeme haukumrusha, mzee, alitambaa. Daktari anasema aliishi kama nusu saa, na angepata msaada pengine angepona."

Chini barabarani bajaji ilipiga honi, ikapita.

"Aliniita," alisema Khalfani. "Nilikuwa ngazini. Mara ya kwanza nilisimama. Aliponiita tena, nikashuka mbio."